Watoto wanatapika garini

*Daktari, tunataka kwenda Karongi kwa gari kutoka Gisenyi na watoto wetu, miaka 4 na 6. Safari iliyopita walitapika njia nzima. Tufanyeje? Mama, Rubavu*

Pole, mama. Hao si wagonjwa. Barabara ile ya kandokando ya Ziwa Kivu ni kona juu ya kona. Sikio la ndani linahisi gari likipinda, macho yaliyo kwenye simu yanaona utulivu, ubongo unachanganyikiwa. Simu ziwekwe kando, watazame mbali, ziwani. Wale chakula chepesi, dirisha liwe wazi, na msimame mapema, hata penye mashamba ya chai ya Pfunda, kabla mtoto hajapauka. Dereva asikimbize. Vidonge vya wakubwa usiwape kamwe; muulize mfamasia. Wakiendelea kutapika saa kadhaa baada ya kushuka, au wakipata homa, nendeni kituo cha afya.