SOMO LETU: Protini ya Soya Hutoka Wapi?



Tukitembelea vikundi, hasa vile vya kina mama wanaosaga unga wa uji, swali moja hurudi kila msimu: "Mbegu gani ya soya iko na protini nyingi?" Ni swali zuri, maana uji wa mahindi matupu haumkuzi mtoto vizuri. Mahindi yana protini kama asilimia 9 hivi, maharagwe ya kawaida kama 22, na soya karibu 40. Lakini kabla kikundi hakijatoa pesa za mbegu, hebu tujifunze protini hiyo huingiaje kwenye punje.

Kwanza, urithi

Mtoto hurithi kimo na sura kwa wazazi wake. Mmea pia hurithi, kwa njia ya jeni. Jeni ni maagizo madogo sana yaliyopangwa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Soya ina jozi 20 za nyuzi hizo. Mambo mengine huamuliwa na jeni moja hasa, kama vile ua kuwa jeupe au la zambarau. Protini si hivyo. Jeni nyingi huichangia, kila moja kidogo, kama wanachama wanavyochangia mfuko wa kikundi. Ila wako wachache wenye mchango mkubwa.

Mmoja wa hao wakubwa yuko kwenye kromosomu ya 20. Dalili zake zilionekana mwaka 1992 huko Marekani, watafiti walipochanganya soya ya shambani na soya ya mwituni. Soya ya mwituni ina protini nyingi, lakini punje zake ni ndogo sana. Mwaka 2022 watafiti walieleza jeni yenyewe: ile aina yake iliyoenea katika soya ya shambani huongeza mafuta na uzito wa punje, na hupunguza protini.

Basi tazameni. Wakulima wa kale wa Asia Mashariki walichagua punje kubwa kwa macho, mwaka hadi mwaka, na bila kujua wakaacha sehemu ya protini nyuma. Jicho huona ukubwa. Protini hupimwa kwenye maabara.

Pili, ukiongeza hapa, hupungua pale

Mara nyingi protini ikipanda, mafuta hushuka, na mavuno pia yanaweza kushuka. Hii ndiyo kazi ngumu ya wataalamu wa mbegu. Tuseme mbegu moja ina protini asilimia 44 na inatoa magunia 6 ya kilo 90 kwa ekari. Nyingine ina asilimia 38 na inatoa magunia 8. Ya kwanza inatupa kilo 238 hivi za protini, ya pili kilo 274. Kwa hiyo si vizuri kununua mbegu kwa kusikia asilimia peke yake. Ulizeni na mavuno.

Tatu, shamba lenyewe

Protini hutengenezwa kwa nitrojeni. Soya huipata kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oeni mche mmoja unapotoa maua, mpasue kinundu. Ndani kikiwa chekundu kama damu, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au hakuna vinundu, ombeni ushauri kwa afisa wa kilimo kuhusu bakteria wa kupaka kwenye mbegu wakati wa kupanda. Mbegu bora kwenye shamba lenye njaa haiwezi kutoa protini yake yote.

Nne, kuhifadhi mbegu

Ua la soya kwa kawaida hujichavua lenyewe kabla halijafunguka. Ndiyo maana mtaalamu akitaka kuchanganya aina mbili hulifungua kwa mkono, ua moja moja. Kwetu sisi hii ni baraka: mbegu ya soya haibadiliki upesi kama ya mahindi ya chotara. Ila msichanganye aina mbili kwenye gunia moja, na msiiweke zaidi ya msimu mmoja au miwili, kwani soya hupoteza uwezo wa kuota haraka.

Mwisho, soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Moto hukiharibu. Chemsheni soya vizuri, kausheni, ndipo msage pamoja na mahindi. Soya hujaza protini ile mahindi yaliyopungukiwa, na mahindi nayo huisaidia soya.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Soya yetu ni ya watoto wetu, ya kuuza, au yote mawili? Nani huamua?
2. Tulipochagua mbegu msimu uliopita, tulitazama nini?
3. Ni nani atakayeng'oa mche na kutuonyesha vinundu mkutano ujao?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.