SOMO LA AFYA: KWA NINI DAMU HUZUNGUSHWA?



Wengi wetu tumepata kutolewa damu hospitalini, kisha tukaambiwa, "Kaeni nje, msubiri majibu." Baadhi yetu huchoka. Husema, "Ah, hawa wanatuchelewesha bure," wakaenda zao. Leo tujifunze damu hiyo hufanywa nini huko maabara.

Damu ina nini?

Kwa macho, damu ni kitu kimoja chekundu. Lakini ndani yake mna vitu vingi. Kuna chembe nyekundu, zinazochukua hewa safi toka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kuna chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu vya magonjwa. Chembe hizi huelea katika maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima.

Mashine ya kuzungusha

Tukiteka maji yenye tope na kuyaweka mtungini, tope hutuama chini. Damu nayo hutuama, maana chembe ni nzito kuliko plazima. Lakini hutuama polepole, na mgonjwa hawezi kungoja. Kwa hiyo ipo mashine ya kuizungusha kwa kasi, iitwayo sentrifuji. Chupa nyembamba za damu hupangwa zikielekeana, kila moja na mwenzake wa uzito ule ule. Uzito usipolingana mashine hutikisika, na chupa huweza kuvunjika.

Mashine ikizunguka, chembe nyekundu husukumwa mpaka kwenye kitako cha chupa. Chembe nyeupe hufanya utando mwembamba katikati. Plazima hubaki juu.

Faida yake

Kwanza, tunajua kama damu inatosha. Matone machache hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo na kuzungushwa dakika 5 hivi. Kisha hupimwa chembe nyekundu zimejaa kiasi gani. Mama aliye katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, zikiwa chini ya sehemu 33 katika kila 100, ana upungufu wa damu. Akijulikana mapema hutibiwa. Asipotibiwa, akitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua, anaweza kufa.

Pili, maji yale ya juu hupimwa kujua kama ini na figo zinafanya kazi. Kwa vipimo vingine damu huachwa kwanza igande, kama nusu saa, ndipo izungushwe. Hapo ndipo sisi tulio nje tunaona tunacheleweshwa!

Umeme usipokuwapo

Mwaka 2013 Manu Prakash, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alitembelea Uganda. Katika kituo kimoja cha afya alikuta sentrifuji imewekwa kuzuia mlango, kwa kuwa umeme hakuna. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza sentrifuji ya karatasi na kamba. Inafanana na kichezeo cha watoto wetu: kifuniko cha soda chenye matundu mawili, kilichopitishwa uzi. Ukivuta na kulegeza, kinazunguka na kuvuma. Chombo hicho, kwa nguvu za mikono tu, hutenganisha damu kwa dakika 1 na nusu.

Basi ndugu, tukitolewa damu tusiondoke. Damu iliyopimwa bila mwenyewe kuchukua majibu haimponyi mtu.

MASWALI
1. Kwa nini chembe nyekundu hukaa chini?
2. Kwa nini chupa hupangwa zikielekeana?
3. Mama mjamzito hupata faida gani akipimwa damu mapema?