Uchovu Hudanganya Mara Mbili: Niliyojifunza kwa Ukalimani Kindu

Kazi yangu ya ukalimani hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, ni kukaa kati ya Kifaransa na Kiswahili. Wiki hii ni warsha ya misitu ya jamii, wiki ijayo ni wakulima wa mpunga na wageni kutoka Kinshasa, halafu kesi ya mipaka ya shamba. Wanaoniona wamesema mara nyingi kwamba nalipwa kwa kukaa kwenye kiti. Lakini jioni, nikivuka mto Lualaba kurudi nyumbani Alunguli, wapiga kasia waliovusha watu na magunia tangu alfajiri bado wana nguvu ya kutaniana, na mimi kujibu salamu tu ni mzigo. Niliyoyapata katika miaka ya kazi hii nayaandika kwa namba, ingawa hayakunijia kwa mpangilio huo.

1. Uchovu wa kwanza una kelele, nao husema uongo.

Hotuba ya ufunguzi ikiisha tu, kichwa huanza kulalamika: imetosha, leo siwezi. Zamani niliyaamini malalamiko hayo. Kumbe yamechunguzwa. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliwaweka watu 16 mbele ya kompyuta, wakitazama herufi na kubonyeza vitufe kwa kanuni fulani, kwa dakika 90. Siku nyingine watu walewale walitazama filamu tulivu kwa muda uleule. Kila walipomaliza, walipandishwa baiskeli ya mazoezi wakaendesha mpaka washindwe. Baada ya filamu walidumu sekunde 754 kwa wastani. Baada ya herufi, 640. Moyo na mapafu havikueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi uzito wa kazi: baiskeli ileile, miguu ileile, lakini ilionekana nzito zaidi tangu mwanzo.

Mtaliano Angelo Mosso alikuwa ameligusa jambo hili zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1891 kuhusu uchovu alieleza jinsi alivyopima nguvu ya vidole vya wenzake kabla na baada ya kazi ya ualimu, na jinsi kazi ya kichwa ilivyopunguza nguvu za kidole. Kwa hiyo kelele ile ya saa nne asubuhi naisikia, nakunywa maji, naendelea. Mara nyingi hunyamaza yenyewe.

2. Akili hujengwa wakati imechoka.

Marcora hakuishia hapo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, vijana wa kiume walifanya mazoezi ya baiskeli kwa wiki 12. Kundi moja liliendesha tu. Jingine liliendesha huku likifanya kazi ya herufi inayochosha akili. Mwishoni kundi la kwanza liliongeza muda wa kudumu kwa asilimia 42, la pili kwa asilimia 126. Walikuwa watu wachache, na vijana wenye afya, hivyo nisingeapa kwa tarakimu hizo. Lakini wazo lenyewe nililichukua, nikalileta uani kwangu.

Jioni natwanga sombe, majani ya muhogo. Redio iko juu ya ndoo iliyofunikwa, Radio Okapi inasoma habari kwa Kifaransa, na mimi nazirudisha kwa Kiswahili kwa sauti, nikiwa nyuma ya msomaji kwa sentensi moja, huku mchi ukipanda na kushuka. Kanuni ni moja tu: mchi usisimame. Mara ya kwanza majani yaliruka nje ya kinu na waziri fulani akapotea katikati ya sentensi. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia, wakaenda kumwambia mama yao kwamba Mama anagombana na redio. Sasa wamezoea.

Nafanya hivyo baada ya kazi, kamwe si kabla, na nakomea pale sombe inapolainika hata kama habari hazijaisha. Baada ya miezi kadhaa niliona kwamba saa za mchana, zile za baada ya wali na samaki wakati ukumbi mzima unasinzia, hazikuniogopesha tena. Siwezi kuthibitisha kwamba ni mchi uliofanya hivyo. Huenda ni mazoea tu.

3. Michezo ya simu hufundisha michezo ya simu.

Mpwa wangu aliniwekea programu ya kunoa ubongo. Nilipanda ngazi haraka, na ukalimani ukabaki ulivyokuwa. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu 11,430 waliofanya mazoezi ya aina hiyo kwa wiki 6: walikuwa hodari katika michezo waliyoicheza, ila uhodari huo haukuvuka kwenda kwenye kazi nyingine. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani kumaliza mashtaka ya kuwadanganya wateja kwa matangazo yake. Programu nimeifuta. Nafasi yake kuna picha za harusi.

4. Uchovu wa pili hauna kelele, na huo ndio wa kuogopa.

Mwaka 1998 Barbara Moser-Mercer na wenzake wa Geneva waliwaacha wakalimani wazoefu waendelee bila kupokezana. Baada ya nusu saa hivi makosa yaliongezeka, mpaka maana ikaanza kupotoka. Wenyewe hawakuyaona. Walijihisi wako sawa.

Hilo nimelishuhudia. Katika mkutano mmoja mwenzangu, mtu makini kuliko mimi, aligeuza hekta 15 kuwa 50. Mkulima mmoja kutoka upande wa Kibombo, aliyekuwa akijua Kifaransa kimyakimya, aliinua mkono na kusema, “Papa, msitu wetu umeukuza.” Ukumbi ukacheka. Mwenzangu aliapa kwamba alisema 15, na alikuwa mkweli: ndivyo alivyojisikia. Kwangu pia tarakimu hutangulia kuanguka, kisha majina ya watu, kisha wakati wa kitenzi.

Misikiti inayokhitimisha Kurani katika tarawehe za Ramadhani ina dawa ya zamani. Nyuma ya imamu husimama hafidhi mwingine, na imamu akiteleza humfungulia, yaani humkumbusha aya, palepale, mbele ya watu wote, wala hakuna anayeona aibu. Hawangoji imamu agundue mwenyewe. Hii nimeiiga: mwenzangu huketi na karatasi, akisikia tarakimu anaiandika na kuisukuma mbele ya macho yangu.

5. Kuna uchovu usiotaka mazoezi.

Malaria, upungufu wa damu, mimba changa, au malale, ambayo kwetu Maniema si hadithi: mtu anasinzia mchana na kukesha usiku. Uchovu usioisha kwa kupumzika upelekwe kwenye kipimo cha damu kwanza. Nimeona watu wakijilaumu kwa uvivu huku malaria ikiwatafuna.

Na usingizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2003 kwamba waliolala saa 6 kwa usiku, siku 14 mfululizo, walifanya vibaya kama waliokesha usiku kucha hadi mara 2. Walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu. Kahawa huficha deni hilo bila kulilipa, na ikinywewa saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku.

6. Dai mtu wa pili kabla ya kudai pesa.

Waandaaji wengi huniambia bajeti ni ya mkalimani mmoja. “Mama, wewe ni mzoefu.” Ninawajibu kwamba uzoefu ndio unaonifanya niombe, kwa sababu mzoefu aliyechoka hukosea kwa sauti ya kujiamini na watu huandika. Wengine hukubali. Wengine hutafuta mtu mwingine, na hiyo ni haki yao. Wasipoweza kuwalipa wawili, nawapa sharti jingine: mapumziko kila nusu saa, na kila tarakimu ibandikwe ukutani kwa Kifaransa na Kiswahili kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Sharti hilo ni bei ya karatasi chache na kalamu nene, na mpaka sasa hakuna aliyelikataa.