Darsa ya Biashara: Kigari cha Mtoto chenye Ila, na Hukumu ya Kukirejesha

Limetufikia katika darsa yetu suali la bibi mmoja, na kwa kuwa twaona lawaelekea watu wengi, tumeonelea tulijibu hapa badala ya kumjibu peke yake. Bibi huyu aliona katika simu yake picha ya kigari cha kusukumia mtoto, kigari kilichokwisha kutumika, kikiuzwa shilingi 6,000. Akapeleka pesa kwa M-Pesa, na kigari kikaletwa na mtu wa bodaboda. Jioni ile ile akaona kuwa breki ya gurudumu moja haishiki. Akanyamaza, kwani Idi ilikuwa imekaribia. Akakitumia siku zote za Idi, na siku ya nane ndipo alipomwandikia muuzaji kutaka arejeshewe pesa zake. Muuzaji akajibu kwamba chini ya picha alikuwa ameandika kuwa kikisha kuuzwa hakirudishwi, na kwamba mtumba hununuliwa kama ulivyo. Bibi auliza: je, pesa hizi si haki yangu?

Kabla ya jawabu tuna neno moja. Watu wetu wakisikia kutajwa hukumu za sharia, fikira zao huenda kwenye talaka, eda, mirathi na maziko. Ama kuuza na kununua, jambo tulifanyalo kila siku tangu asubuhi mpaka usiku, tumeliacha lende kwa ada ya soko na ujanja wa wajanja. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa hataki auze katika soko la Madina ila mtu aliyefahamu dini. Na hapa kwetu Kenya jambo hili lina uzito zaidi, kwani Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, hana mamlaka ila katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa kigari hauendi kwake. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini ni wangapi watakaofungua daawa kwa ajili ya shilingi 6,000? Basi katika mambo kama haya hukumu ya sharia haina askari wa kuisimamia, ila imani ya muuzaji na imani ya mnunuzi.

Tuanze na huku kununua kwa picha. Kuagana kwa maandishi baina ya watu walio mbalimbali si jambo jipya. Mafakihi wamelizungumza tangu zama za barua, na mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah, lilipitisha kuwa mapatano kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano yanasihi. Shida iko kwenye kitu chenyewe, kwani mnunuzi hajakiona. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu, kama alivyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj, ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Kauli ya pili ni kuwa kunasihi, na mnunuzi ana hiari atakapokiona: akitaka akishike, akitaka akirejeshe. Maimamu wengine watatu nao wameruhusu, kila mmoja kwa masharti yake. Watu wa leo wote wanakwenda kwa ruhusa hii, nasi hatuwezi kuwaambia kuwa biashara zao zote ni batili. Jawabu letu limesimama juu yake. Lakini mwenye kutaka kutoka katika khitilafu, njia yake ni nyepesi mno. Maneno ya simuni ayafanye kuwa ni maulizo tu. Kigari kije, akitazame, akifungue na kukikunja, ajaribu breki, kisha hapo ndipo auziane na mwenyewe au wakili wake na kulipa. Na hata wakishauziana, kila mmoja bado ana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana, kama ilivyothibiti kwa Mtume (s.a.w.) katika riwaya ya Ibn Umar na ya Hakim bin Hizam. Haraka ya kubonyeza simu kabla ya kuona ndiyo inayozaa nusu ya magomvi haya.

Sasa tuje kwenye ila. Ila ipasayo kurejesha ni kila upungufu unaopunguza thamani ya kitu, au unaokosesha lile lililokusudiwa kwacho, ikiwa kwa kawaida kitu kama hicho husalimika nao. Kigari cha mtumba hakitazamiwi kuwa na kitambaa kipya. Rangi iliyopauka na mpini uliochubuka si ila kwa aliyenunua akijua kuwa ni mtumba. Breki si hivyo. Fikirini mama anayeteremka na mwanawe kwenye kivuko cha Likoni, umati nyuma yake na bahari mbele yake, kisha mkono ukaponyoka. Kigari kisichosimama hakifai kwa kazi yake hata kikiwa kinang'ara.

Na muuzaji aliyejua hayo akanyamaza amefanya haramu, wala hapana khitilafu. Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta majimaji. Yule mtu akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume hakuukubali udhuru ule. Alimuuliza kwa nini asiiweke ile mbichi juu watu wakaiona, na akajitenga na mwenye kughushi. Tazama, mtu yule hakusema uongo wowote kwa ulimi wake. Alipanga tu, kikavu juu na kibichi chini. Na leo kupanga ni kupiga picha upande uliosalimika, au kuchukua picha ya kigari kipya cha dukani na kuibandika juu ya kile kibovu kilichoko stoo.

Ama yale maneno ya muuzaji kuwa hakirudishwi, hayamwokoi. Wanazuoni wetu wamelizungumza sharti la muuzaji kujitoa katika ila zote, na kauli iliyo dhahiri ni kuwa sharti hilo humtoa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwani mnyama huugua bila ya kuonekana. Kigari si mnyama. Basi hata muuzaji asiyeijua ile breki, mnunuzi ana haki ya kumrejeshea. Sharti linalomfaa muuzaji ni moja: aiseme ila yenyewe, aionyeshe, na mnunuzi aridhike nayo.

Mpaka hapa bibi yetu atafurahi. Lakini sharia ina pande mbili, na upande wa pili ni mzito kwake. Haki ya kurejesha kwa sababu ya ila, katika madhehebu yetu, ni ya papo kwa papo. Hatukusudii kuwa mtu atoke mbio. Aliyeijua ila akiwa katika sala au chakula hungoja amalize, na aliyeijua usiku hungoja asubuhi. Lakini huacha kukitumia kitu. Mafakihi wametia mkazo hata mtu akimwacha mnyama na tandiko lake mgongoni baada ya kuijua ila yake, haki yake huanguka, kwani kutumia ni dalili ya kuridhika. Naye bibi alijua jioni ya kwanza, akakizungusha mjini siku za Idi, akaandika siku ya nane, ilhali simu ilikuwa mkononi mwake. Kwa hivyo hawezi kumlazimisha muuzaji, wala hana haki ya kudai fidia ya ile breki. Lau angekitumia mwezi mzima kabla ya kuijua ila, kisha akaijua na kuacha pale pale, angerejeshewa shilingi 6,000 kamili bila ya kukatwa kodi ya mwezi ule, kwa sababu katika muda huo kigari kingepotea kingekuwa kimempotea yeye. Tofauti yote iko katika kujua.

Na hapa twawasema wengine kwa jumla, si bibi huyu. Pamezuka mtindo wa kununua kitu kwa ajili ya arusi au Idi, kikavaliwa au kikasukumwa mbele za watu, kisha kikatafutiwa ila ili kirejeshwe. Huku ni kughushi kama kule kwa muuza nafaka, ila mwenye kughushi hapa ni mnunuzi.

Yatokea pia kwamba kitu kilikuwa na ila ya zamani, kisha kikapata ila mpya mikononi mwa mnunuzi kabla hajaijua ile ya kwanza; tuseme kitambaa kimepasuka. Hapo muuzaji halazimishwi kukipokea hivyo. Ama akubali mwenyewe, ama mnunuzi akirejeshe pamoja na fidia ya kupasuka, ama akishike na muuzaji amlipe fidia ya breki. Fidia hii haikisiwi kwa hasira. Hutazamwa kigari kama kile kikiwa kizima chauzwa ngapi: tuseme 10,000, na kikiwa na ila ile: tuseme 8,000. Upungufu ni humusi, basi mnunuzi hurejeshewa humusi ya bei aliyolipa. Alilipa 6,000, fidia yake ni 1,200.

Kwa bibi wetu imebaki njia ya ikala, nayo ni muuzaji kukubali kwa hiari yake kuuvunja uuzaji, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelitajia thawabu kubwa kwa mwenye kumfanyia mwenziwe aliyejuta. Na ikiwa muuzaji huyu aliijua ile breki, basi kwake si hisani tu. Ana toba ya kutubia, na haielekei toba hiyo itimie huku amezikalia pesa za ghushi. Ajue pia kuwa ikala ni kwa bei ile ile. Akisema, nitakupa nusu na unirejeshee kigari, hiyo si ikala bali ni uuzaji mpya. Wakiridhiana yafaa, lakini asijihesabu kuwa amesamehe.

Na bibi akikataliwa, akaamua kukiuza kwa mtu mwingine, ni wajibu wake aandike juu ya picha, kwa herufi za kusomeka, kuwa breki ya gurudumu moja haishiki. Wallahu aalam.