Kulea Kakati Nyumbani

Kila mwanachama wa chama chetu ana uraibu wake. Kuna anayekusanya stempu, kuna anayefuga njiwa, na yupo yule wa kidato cha pili (hatumtaji) ambaye uraibu wake ni kulala. Wangu mimi ni kulea dungusi kakati, ule mmea wa miiba ambao wengi wetu huuita kaktasi. Ninazo 7, zote zimo mikebeni kwenye dirisha la nyumbani. Nimeombwa niwafunze wenzangu namna ya kuzitunza. Nitafanya hivyo, lakini kwanza wacha niwasimulie jinsi ile ya kwanza ilivyokataliwa langoni.

Kwetu ni Laikipia, upande wa kaskazini ambako mvua ni ya kuhesabu. Siku ya kufunga shule nikiwa kidato cha kwanza, nilinunua kakati ndogo ya mviringo kwa muuza maua wa kando ya barabara, nikaipakata ndani ya matatu safari nzima kama mtu aliyebeba mayai. Nilipofika, nyanya alikuwa amesimama langoni. Akautazama ule mkebe, akasema, "Mjukuu wangu, wewe ingia. Hicho kikae nje." Nikadhani ni utani. Kumbe wapi!

Nyanya alikuwa na sababu. Huko kwetu kuna mpungate, nao pia ni kakati, ila una mapande bapa kama sahani na matunda ya rangi ya zambarau. Asili yake ni bara la Amerika. Uliletwa kwetu enzi za ukoloni uwe ua na pambo, halafu ukatoroka. Ndovu, nyani na ndege hula matunda yake na kwenda kuziangusha mbegu mbali. Pande moja likivunjika na kugusa ardhi, huota mizizi na kuwa mmea mwingine. Siku hizi yapo malisho ambayo ng'ombe hawezi kupita. Na ubaya wenyewe hauko kwenye ile miiba mirefu unayoiona, bali kwenye vimiiba vidogo kama nywele vinavyofunika tunda. Kiangazi kikikaza na nyasi zikaisha, mbuzi huyala matunda hayo. Vimiiba huwachoma midomo, ulimi na matumbo, vikiingia machoni huwapofusha. Nyanya alipoteza mbuzi 11 katika ukame mmoja. Wa mwisho tulikuwa tukimlisha kwa mkono kwa sababu alikuwa haoni tena. Sasa mtu aliyepitia hayo utamwambia nini kuhusu uraibu?

Basi mkebe ukalala nje. Jioni nikamwendea jikoni nikamweleza niliyoyasoma maktabani, kwamba kakati si moja. Ziko aina zipatazo 1,500, na nyingi hazitambai wala kutoroka, hukaa tu pale ulipoziweka. Zote asili yake ni Amerika. Ipo moja tu, iitwayo Rhipsalis, ambayo huota yenyewe hata katika misitu ya Afrika, nayo haifanani kabisa na dada zake kwa maana huning'inia mitini kama kamba.

Hapa wasomaji wengi watanikatiza. "Mbona ile miti mikubwa ya miiba tunayoiona tukiteremka Bonde la Ufa, yenye matawi yaliyoinuka kama mishumaa?" Hiyo si kakati, ndugu yangu. Hiyo ni jamii ya mnyaa, na ni mwenyeji wa hapa hapa. Ukitaka kuzitenganisha, tazama mahali mwiba unapotokea. Kwenye kakati, miiba hutoka katika kijito kidogo chenye manyoya, kama kishada. Kwenye jamaa wa mnyaa hakuna kijito hicho, na mara nyingi miiba hukaa miwili miwili. Usitegemee utomvu pekee, kwani zipo kakati chache zenye utomvu mweupe pia. Lakini utomvu wa mnyaa na jamaa zake ni hatari kwelikweli. Ukiingia jichoni waweza kukupotezea uwezo wa kuona. Kwa hiyo usikate tawi lolote kabla ya kujua umeshika nini.

Nyanya alinisikiliza hadi mwisho, akatoa masharti. Mmea usitoke mkebeni. Kipande kikivunjika kichomwe moto, kisitupwe. Na mpungate usiguse ua wake hata kwa bahati mbaya. Nikakubali, na siku ya pili mkebe ukaingia ndani. Nawaomba nanyi myafuate masharti hayo, hata kama kwenu si Laikipia. Mpungate umeingia hata Tsavo, na haukufika huko kwa kuomba ruhusa.

Haya, sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mkebe wowote utafaa, wa mafuta ya kupikia au wa maziwa, mradi uutoboe chini matundu manne au matano kwa msumari. Mkebe usiotobolewa ni kaburi. Udongo wa shambani peke yake haufai kwa sababu hushika maji. Mimi huchanganya mikono miwili ya mchanga wa mto ulio mnene na mkono mmoja wa udongo mweusi. Wenzangu wa Pwani, msichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi. Wakati wa kupanda, kunja gazeti liwe kama mkanda, uizungushie kakati ndipo uiinue. Vidole vitakushukuru.

Maji ndiyo somo kubwa. Kakati nyingi za nyumbani hazifi kwa kiu, hufa kwa kunyweshwa. Ile yangu ya kwanza, niliyoipigania langoni, iliuawa na mdogo wangu kwa mapenzi. Nilimwacha aiangalie niliporudi shule, naye kila asubuhi akaipa kikombe kimoja. Nilipokuja likizo ilikuwa bado ya kijani, imesimama, hata nikampongeza. Nilipoigusa, kidole kilizama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ilikuwa imeoza kuanzia mizizini. Nyanya alinisaidia kuichoma, wala hakunicheka.

Ili uelewe kwa nini, kumbuka somo la bayolojia. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na hapo hapo maji hutoroka. Kakati hufunga mchana kutwa na kufungua usiku, kukiwa na baridi. Ile hewa huiweka akiba ndani yake kama asidi, na jua likichomoza huitumia kutengeneza chakula milango ikiwa imefungwa. Tena haina majani mapana. Miiba ndiyo majani yaliyogeuka, na lile shina nene ndilo tangi la maji. Mmea uliojiwekea akiba namna hiyo ukiumiminia kila siku, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Sasa umwagilie lini? Chomeka kijiti cha kibiriti udongoni. Kikitoka na udongo uliokishika, acha. Kikitoka kikavu, hesabu siku tatu nne zaidi, kisha mwagilia hadi maji yatiririke chini, usirudie mpaka udongo ukauke tena. Kwetu wakati wa jua kali huwa ni kila baada ya siku 10 hadi 14. Mwezi wa Julai, baridi ya nyanda za juu inapouma, mara moja kwa mwezi yatosha sana. Mvua za Machi hadi Mei, ziondoe nje uziweke chini ya paa.

Jua zinalihitaji, dirisha linalopata jua la asubuhi ni zuri. Kakati iliyokosa mwanga hurefuka kileleni ikawa nyembamba na nyeupe, mithili ya mtoto aliyekua ghafula akabaki na suruali fupi. Lakini usiitoe kivulini ukaiweka kwenye jua la saa sita siku hiyo hiyo. Itaungua, na alama ya kuungua haifutiki. Izoeze kidogo kidogo.

Zile zenye kichwa chekundu au cha manjano juu ya shina la kijani, zinazopendwa sana na wanunuzi, ni mimea miwili iliyounganishwa kwa kisu. Kichwa hakina rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula, hivyo hulishwa na aliye chini. Ni nzuri, lakini wa chini akichoka, wote wawili wamekwisha. Mimi sizinunui.

Ukitaka kuongeza mimea, ng'oa chipukizi lililoota ubavuni, uliache kivulini bila udongo juma moja au mawili mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande. Usiharakishe hapo, kidonda kibichi huoza. Na usitarajie maajabu ya haraka. Ile kakati ndefu ya jangwa la Arizona, saguaro, ambayo ikikomaa hupita mita 12, miaka yake 8 ya kwanza yaweza kuisha ikiwa na sentimita 3 au 4 tu.

Wadudu ni wachache. Ukiona kama vipamba vyeupe kwenye mikunjo, hao ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Chovya pamba katika spiriti uwapanguse. Ajabu ni kwamba binamu yao mmoja, mdudu mwenye pamba kama hiyo ambaye ukimponda hutoa rangi nyekundu, aliachiliwa makusudi Laikipia katika miaka ya 2010 ili aufyonze mpungate hadi ukauke. Mahali pengine mapande yamekwisha kuanguka. Kwa hiyo nyumbani kwetu mimi naua wadudu dirishani kwa pamba na spiriti, huku nyanya akiwaombea ndugu zao malishoni wazaane.

Nina machipukizi manne yaliyokwisha kukauka vidonda, tayari kupandwa. Anayetaka aje na mkebe wake, uwe umetobolewa.