Faili kubwa za eksirei zakwamisha Athena

*Daktari, nachunguza madini ya chuma katika udongo mwekundu wa mashamba ya chai hapa Tetu. Faili za ufyonzaji wa eksirei nilizoletewa zina maelfu ya nukta, na Athena, programu ninayotumia kuzichambua, inakwama. Je, kompyuta yangu ni mbovu?*
– Mwanafunzi, Nyeri

Kompyuta usiilaumu. Upimaji wa haraka hurekodi nukta nyingi kuliko uchambuzi unavyohitaji. Ndani ya Athena, panga nukta upya: kila eV 10 kabla ya ukingo wa ufyonzaji (wa chuma uko karibu na eV 7112), eV 0.5 kuuzunguka, kisha hatua za 0.05 za k (namba ya wimbi ya elektroni). Kila nukta mpya huwa wastani wa nukta za awali, na wastani huo hupunguza hata kelele. Kufuta mistari ya faili kwa mkono ni kutupa vipimo bure! Tunza faili asili. Athena ikigoma bado, jaribu programu ya Larch, au waulize waliokupimia.