SOMO LA ROBO HII: CHAI YA VIUNGO NA WAKATI WA KUINYWA

Asubuhi za masika hapa Mchombe chai ya viungo huchangamsha mwili kabla ya kwenda kwenye mpunga. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai wa uani vinatosha.

Faida zake:
1. Maji yakichemka hadi kutokota, vijidudu vya kuhara na kipindupindu hufa.
2. Tangawizi hupunguza kichefuchefu, hata cha mimba changa.
3. Joto lake hutuliza koo wakati wa mafua.

Hata hivyo, majani ya chai yana tanini. Hii huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ambayo hutumika kutengeneza damu. Malaria ingalipo katika bonde la Kilombero, nayo hupunguza damu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kwa hiyo:
- Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Pamoja na chakula tule chungwa au pera, maana husaidia mwili kupata chuma.
- Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, si kwa chai.
- Chai haitibu malaria. Homa ikianza, mgonjwa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.

Maswali kwa kamati za usharika:
1. Katika mtaa wenu, watoto hunywa chai wakati gani?
2. Nani atawafikishia wajawazito somo hili?